Terminali, OpenAPI, MCP au faili la ujuzi: maelezo ya zana yako uyaweke wapi ili wakala aielewe?

Mwenzangu mmoja wa Lindi ametengeneza programu ya chama cha msingi kinachokusanya ufuta na mbaazi. Mimi niko Mtwara, nahangaika na ya korosho, na huu ni msimu wa tatu. Wiki iliyopita akaniandikia: "Kaka, programu ipo na makarani wanaitumia. Sasa nataka wakala wa akili mnemba naye aishike: aandike uzito, atafute stakabadhi, atume meseji kwa wakulima. Maelezo yake niyaandike wapi? Hiyo MCP wanayoisema kila mtu, OpenAPI, au ile --help inatosha?"

Nilimjibu kwa sauti ya WhatsApp ya dakika kumi na moja. Akalalamika kwamba hasikii kitu, jenereta la jirani yangu limefunika kila neno. Basi nimeandika.

Mwenye haraka achukue hili: kama wakala utamtumia mwenyewe kwenye kompyuta yako, andika --help nzuri (maelezo ambayo amri huyatoa yenyewe ukiiuliza kwenye terminali, ule uwanja wa kuandika amri) na faili moja la ujuzi (maagizo ya maandishi ya kawaida kwa wakala), basi. Kama tayari una API (mlango ambao programu nyingine huzungumza na yako) inayohudumia programu ya simu, OpenAPI, yaani faili linaloeleza API hiyo, unayo nusu. Isafishe, ila usimpe wakala yote. Kama watu wengi wenye programu tofauti za akili mnemba watahitaji zana zako, hapo MCP (itifaki ya pamoja ya kuunganisha zana na programu za akili mnemba) inalipa gharama yake. Na kama una mwongozo wa PDF wa kurasa sitini uliokabidhiwa na mtengenezaji wa awali, uache kabatini.

Lakini nikuambie mapema, nilipoteza karibu mwezi mzima nikilinganisha mifumo hii kabla sijagundua kwamba tatizo langu halikuwa mfumo. Lilikuwa maneno niliyoyaandika ndani yake. Kwa hiyo naanzia hapo.

Mnunuzi hafungui gunia

Huku kusini kila mtu anaijua stakabadhi ya ghalani. Kwenye korosho mfumo huu ulianza 2007. Mnunuzi aliyeko mnadani hatii mkono kwenye gunia. Anasoma karatasi: ghala lipi, tani ngapi, daraja gani. Karatasi ikisema uongo, au ikinyamaza mahali muhimu, atanunua uongo au atanunua kimya.

Wakala yuko vivyo hivyo. Ni modeli ya lugha iliyopewa orodha ya zana, na yenyewe inaamua iite ipi, iijaze nini. Haioni msimbo wako, haijui ghala lako, haijawahi kusimama kwenye foleni ya mizani mwezi wa kumi na moja. Inachosoma ni jina la zana, maelezo yake, na vipengele vya kujaza. Karani mpya asipoelewa ananyanyuka anakwenda kumuuliza katibu. Wakala asipoelewa, mara nyingi anajaza kinachofanana na jibu na kuendelea na kazi kwa adabu kabisa.

Hivi ndivyo zana yangu ya kwanza ilivyoelezwa:

```
rekodi_uzito
Hurekodi uzito wa mkulima.
  mkulima: maandishi
  uzito: namba
  daraja: maandishi
  msimu: maandishi
```

Karani wetu alipoiona kwenye skrini alicheka hadi akakaa chini. "Kumbe siku hizi tunampima mkulima mwenyewe?" Kicheko chake kilikuwa uhakiki bora kuliko wowote niliowahi kupata, maana kila mstari hapo una shimo. Uzito kwa kilo au kwa magunia? Pamoja na gunia lenyewe au bila? Daraja liandikwe "la kwanza", "1", "I" au "standadi"? Na msimu wa korosho unaoanza Oktoba na kuvuka mwaka, ule tunaouita 2024/2025, ni mwaka gani? Wakala wangu aliandika "2024/2025" siku moja, "2025" siku iliyofuata na "2024-25" kesho yake, na hifadhidata ikayapokea yote matatu kama misimu mitatu tofauti.

Kipengele cha namba bila kizio ni kangomba. Wasiotoka huku: kangomba ni ule ununuzi wa mlango wa nyuma, korosho zinapimwa kwa chombo cha mnunuzi badala ya mizani, na anayeumia ni mkulima. Ukiandika "uzito: namba" umemkabidhi wakala chombo chochote akipendacho.

Zana hiyo hiyo leo inasomeka hivi:

```
rekodi_uzito
Huandika uzito wa korosho ghafi zilizopimwa kwenye mizani ya
chama, mkulima mmoja, mzigo mmoja. Itumie baada ya karani
kusoma mizani. Usiitumie kusahihisha uzito uliokwisha
kuandikwa; kwa hilo kuna sahihisha_uzito.

  namba_mkulima  Namba ya usajili, tarakimu tu. Ukiwa na jina
                 bila namba, anza na tafuta_mkulima.
                 Usibuni namba.
  kilo           Uzito wa korosho kwa kilo baada ya kutoa
                 uzito wa gunia, mfano 78.5. Si idadi ya magunia.
  daraja         "1" au "2" tu. Ambazo hazijapangwa madaraja
                 zisiandikwe.
  msimu          Mwaka msimu ulipofunguliwa, tarakimu nne.
                 Msimu wa 2024/2025 ni 2024.
  namba_risiti   Namba iliyochapwa kwenye risiti ya mizani.
                 Ukirudia risiti ile ile, kilo haziongezeki.

Hurudisha jumla ya kilo za mkulima kwa msimu huo, kila daraja
peke yake.
```

Ni ndefu, ndiyo. Lakini ona kilichoongezeka: lini uitumie, lini usiitumie na badala yake uende wapi, kizio, mfano mmoja, orodha ya majibu yanayokubalika, na kinachorudi. Hakuna hata sentensi moja ya kusifia programu. Maelezo haya nimeyahamisha kutoka mfumo mmoja hadi mwingine mara tatu, na karibu hayajabadilika.

Saa nayo iliniaibisha. Nilikuwa na zana ya kutuma meseji, na ndani yake kipengele nilichokiita tu "saa". Katibu akamwambia wakala: "Watumie wanachama wote, mkutano kesho, meseji iende saa nne." Ukimuuliza wakala kwa maneno, anajua vizuri kabisa kwamba saa nne asubuhi ya Mswahili ni 10:00. Lakini mbele ya kipengele kilichoandikwa "saa" alichukua ile nne akaiweka kama ilivyo, 04:00. Saa kumi usiku simu zikalia nyumba kwa nyumba. Wapo waliodhani kuna msiba. Katibu alipigiwa simu na wazee kumi kabla ya adhana ya alfajiri, na kila mmoja alitaka kujua amekosa nini.

Sasa kipengele kinaitwa "muda_wa_kutuma", na maelezo yake yanasema: mfumo wa saa 24 pamoja na ukanda wa muda, mfano 2025-11-07T10:00+03:00, watumiaji husema saa za Kiswahili, kwa hiyo "saa nne asubuhi" ni 10:00 na "saa kumi jioni" ni 16:00, asiposema asubuhi wala jioni, muulize kwanza. Hakuna mtengenezaji wa ng'ambo atakayekuandikia mstari huo. Ni wetu sisi.

--help: mzee asiyechoka

Haya, mifumo yenyewe. Naanza na ulio mkongwe. Desturi ya kuweka maelezo ya amri pamoja na amri ina zaidi ya nusu karne. Kitabu cha kwanza cha mwongozo wa Unix ni cha Novemba 1971. Leo ukiandika `mizani --help` kwenye terminali unapata maelezo, na mawakala wanaofanya kazi ndani ya terminali, kama Claude Code, Codex au Gemini CLI, hufanya hivyo hivyo. Wakikutana na amri wasiyoijua, kwanza wanaiuliza yenyewe.

Uzuri wake mkubwa ni bei. Maelezo hayakai kichwani mwa modeli mazungumzo yote. Yanasomwa pale tu yanapohitajika. Ukiigawa amri kwa vijiamri, `mizani andika --help`, `mizani tafuta --help`, wakala anasoma ukurasa mmoja badala ya kitabu. Faida nyingine ni kwamba karani na wakala wanasoma maandishi yale yale, kwa hiyo yakichakaa mtu atapiga kelele.

Udhaifu wake ni kwamba --help nyingi ziliandikwa na mtu anayejikumbusha mwenyewe. "-d daraja", "-m msimu", kwisha. Kuna pia mtego ambao maelezo mazuri hayauondoi: amri inayosimama na kuuliza "Una uhakika? (n/h)". Mtu anabonyeza. Wakala anaweza kukaa hapo hadi muda umwishie, kisha akaanza upya. Weka chaguo la `--ndiyo` la kuruka swali, litaje kwenye --help, na amri inayofuta kitu iwe na `--jaribio` linaloonyesha kitakachotokea bila kukifanya. Halafu namba ya kutokea, ile ambayo amri huirudisha ikimaliza: sifuri maana yake imefaulu, nyingine yoyote imeshindikana. Programu inayoandika "KOSA" kwa herufi kubwa huku ikirudisha sifuri inamdanganya wakala mchana kweupe. Yangu ilifanya hivyo miezi mitatu.

OpenAPI: unayo tayari, ila ni nyingi

Ikiwa programu yako ina API inayozungumza na simu za makarani, huenda una faili la OpenAPI hata kama hulijui. Vifaa vingi vya kujengea API hulitoa vyenyewe. Ilianza ikiitwa Swagger mwaka 2011, toleo la 3.0 likatoka 2017, na la 3.1 la mwaka 2021 likaoanishwa na JSON Schema, lugha ile ile inayotumika kueleza vipengele vya zana za mawakala. Kwa hiyo kazi ya OpenAPI haipotei. Orodha ya majibu yanayokubalika, vipengele vya lazima, mifano, vyote vinahamishika.

Ubaya ni kwamba faili linalojitoa lenyewe linaeleza umbo na kuacha maana. Litakuambia "daraja" ni maandishi na ni la lazima. Halitakuambia kwamba korosho ambazo hazijapangwa hazitakiwi kuingia. Langu lilikuwa na njia 31 (kila njia ni kazi moja ambayo API inaweza kuombwa), na sehemu ya maelezo ilikuwa tupu kwenye njia 26. Kati ya hizo 31, wakala alihitaji tano. Zilizobaki ni za kubadili nywila, kupakia picha ya nembo, na moja iitwayo "test2" ambayo mpaka leo sithubutu kuigusa.

Mwenzangu wa Lindi alitaka kumpa wakala faili zima "ajichagulie". Nilimkataza. Unapompa mtu funguo 31 za ghala na mlango anaoutaka ni mmoja, usishangae ukikuta stoo ya dawa imefunguliwa. Chagua njia chache, zipe majina yanayosema kazi (`tafuta_stakabadhi`, si `getV1Data`), na ukiweza unganisha zile ambazo huitwa pamoja kila siku. Kwangu, kujua salio la mkulima kulihitaji njia tatu kwa mpangilio maalumu: tafuta mkulima, chukua mizigo yake, toa makato. Wakala alisahau makato mara moja kati ya kila tano. Nikatengeneza zana moja, `salio_la_mkulima`, na maelezo yake yakafupika pamoja na makosa.

MCP: kwa wengi

MCP, itifaki iliyotolewa na Anthropic Novemba 2024 na baadaye kupokelewa na kampuni nyingine kubwa za akili mnemba, inajibu swali tofauti. Haikufundishi namna ya kueleza zana vizuri. Inakubaliana tu na kila mtu zana zielezwe kwa umbo gani na ziitwe vipi. Seva yako inaulizwa "una zana zipi?", inajibu kwa orodha: jina, maelezo, skima ya vipengele (umbo na masharti yake). Programu yoyote inayoielewa MCP inaweza kuzitumia. Katibu ana programu yake, mhasibu ana yake, mimi nina yangu ya terminali, wote tunapita mlango mmoja.

Kwa chama chenye watu wanne wanaotumia akili mnemba kwa njia nne, huo ni msaada mkubwa. Kwa mtu mmoja mwenye kompyuta moja ni kujenga ghala la tani mia kwa ajili ya magunia sita.

Gharama zake mbili hazisemwi vya kutosha. Kwanza, programu nyingi hupakia maelezo ya zana zote mwanzoni mwa mazungumzo, uzitumie usizitumie. Ukiunganisha seva tatu zenye zana ishirini kila moja, modeli inaanza kazi ikiwa tayari imebeba maelezo sitini, unalipia tokeni zake (vipande vya maneno ambavyo modeli husoma na kutozwa kwavyo), na inachanganya zana zinazofanana majina. Siku hizi zipo programu zinazotafuta zana pale tu zinapohitajika, lakini usijenge kwa kutegemea hilo. Pili ni usalama. Modeli inayasoma maelezo ya zana kama inavyosoma maagizo. Seva ya mtu usiyemjua inaweza kuficha ndani ya maelezo yake sentensi inayomwambia wakala achukue data mahali pengine aipeleke huko. Wewe una majina na namba za simu za wakulima, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haitakubali utetezi wa "ni wakala ndiye aliyetuma".

MCP ina kitu kimoja nilichokipenda: vidokezo vya tabia. Unaweza kutangaza kwamba zana hii inasoma tu, ile inaharibu, na ile nyingine ukiirudia haina madhara. Programu inaweza kutumia vidokezo hivyo kuamua lini imwombe mtu ruhusa. Ni vidokezo tu, si kufuli. Lakini kukaa chini kujaza vile vitatu kwa kila zana kulinilazimisha nijiulize swali ambalo sikuwahi kujiuliza: hii ikiitwa mara mbili, nini kinatokea?

Na nilipaswa kujiuliza mapema. Siku moja mtandao ulikatika katikati. Uzito ulishaandikwa, ila jibu halikurudi. Wakala akapata ujumbe wangu wa kosa, neno moja: "Imeshindikana." Akafanya ambacho mtu yeyote mwenye bidii angefanya, akajaribu tena. Na tena. Mama mmoja aliyeleta kilo 84 akaonekana ameleta 252. Yeye mwenyewe ndiye aliyetuambia, kwa upole, kwamba shamba lake halijawahi kuzaa hivyo.

Ndiyo maana namba ya risiti iko kwenye maelezo uliyoyaona juu. Na ujumbe wa kosa nao umebadilika, maana ujumbe wa kosa ni sehemu ya maelezo. Wakala anausoma akiwa amekwama, wakati ambao anausoma kwa makini kuliko wakati mwingine wowote. Badala ya "Imeshindikana" sasa anapata: "Jibu limechelewa. Huenda uzito umeandikwa. Usirudie, ita tafuta_risiti kwa namba hii kwanza." Badala ya "Daraja si sahihi" anapata: "Daraja liwe 1 au 2. Umetuma 'la kwanza'." Kosa la namna hiyo hujirekebisha lenyewe kwenye jaribio la pili, na mtumiaji hata hajui kama lilitokea. Hili halitegemei mfumo. Ungeweza kulifanya leo jioni kwenye programu yako ya sasa.

Faili la ujuzi: yale ambayo hayaingii kwenye zana

Zana moja moja zikielezwa vizuri bado kuna maarifa yanayobaki nje. Utaratibu wa siku ya mnada. Kwamba orodha ya malipo haitumwi kwa mtu yeyote kabla katibu hajaipitia. Kwamba mkulima akifariki, mrithi hasajiliwi upya. Kuna barua inayotakiwa kwanza. Hayo hayana zana ya kukaa ndani yake.

Hapa ndipo mafaili ya maandishi ya kawaida yanapofaa. Yapo ya aina kadhaa. AGENTS.md, lililoenea mwaka 2025, hukaa kwenye folda ya mradi na kumweleza wakala wa kuandika msimbo namna ya kufanya kazi humo. llms.txt, lililopendekezwa Septemba 2024, ni la tovuti: muhtasari na viungo vya kumwongoza modeli aende kwenye kurasa muhimu. Kwa kazi yetu hii lina msaada mdogo, nalipita. Linalonifaa ni SKILL.md, faili la ujuzi, mfumo ulioanzishwa na Anthropic Oktoba 2025. Juu ya faili unaweka jina na maelezo ya sentensi moja au mbili. Wakala anaanza kwa kusoma hayo tu. Akiona kazi inahusiana, ndipo anafungua faili lenyewe, na likitaja mafaili mengine anayafungua kwa zamu.

Ni kama mzoefu wa ghalani: hakumwagii kila anachokijua siku ya kwanza, anakuambia ukifika kwenye jambo lenyewe.

Naliandika kama barua kwa karani mpya, kurasa mbili, na maagizo yote yana sababu zake. "Usitume orodha ya malipo kabla ya katibu kuipitia" ni agizo. Ukiongeza "kwa sababu makato ya pembejeo huingizwa kwa mkono na huchelewa siku moja au mbili", wakala anaweza kulitumia hata kwenye hali ambayo hukuitaja, mfano mkulima anapouliza salio lake siku ile ile aliyoleta mzigo. Tofauti niliiona kwa macho: kabla ya kuweka sababu alimtajia mkulima salio kamili, baada ya hapo alianza kuongeza kwamba makato huenda hayajaingia.

Mahali linaposhindwa: halilazimishi chochote. Skima ya MCP au OpenAPI inakataa daraja la 3. Faili la ujuzi linaomba tu. Kitu ambacho kikikosewa fedha zinapotea kisikae kwenye barua, kiwekwe kwenye msimbo.

Kiswahili au Kiingereza?

Swali hili ndilo linalonifikia zaidi ya yote, na wengi wanashangaa jibu langu. Sentensi ya Kiswahili kwa kawaida hukatwa kwa tokeni nyingi kuliko mwenzake wa Kiingereza, kwa hiyo kwa hesabu kavu Kiingereza ni nafuu. Hata hivyo maelezo yangu yote ni ya Kiswahili, kwa sababu katibu anayajua maneno hayo na anaweza kuyasahihisha. Ndiye aliyegundua kwamba nimeandika "korosho" mahali pa "korosho ghafi". Kwake korosho karanga, iliyobanguliwa, ni bidhaa nyingine kabisa na bei nyingine. Maelezo yasiyosomeka na mwenye kazi hayana mhakiki.

Ila kuna maneno ya kuangalia. "Daraja" kwa modeli linaweza kuwa la mto au la darasa; sentensi moja, "daraja la ubora wa korosho", inamaliza utata. "Pembejeo" ilieleweka bila shida. "Salfa" nililazimika kuieleza kwamba ni dawa ya mikorosho, maana wakala aliwahi kuitafutia matumizi ya viwandani akiwa anamsaidia mkulima. Majina ya zana na vipengele nimeyaweka bila nafasi, herufi ndogo, na siyabadilishi hovyo hata nikipata neno tamu zaidi.

Nilichobaki nacho, na ninachomshauri wa Lindi

Mimi sasa nina amri ya terminali yenye --help iliyonyooka, faili moja la ujuzi, na seva ndogo ya MCP yenye zana tano kwa ajili ya katibu na mhasibu. Nyuma yake iko ile API ya zamani, lakini wakala haijui. Kama ningeanza leo nisingeanza na MCP. Ningeandika maelezo ya zana tano kwenye karatasi, nimpe karani ayasome kwa sauti, nione anacheka wapi.

Kwako wewe, kaka: uko peke yako, una kompyuta moja, mnada wa ufuta unakaribia. Anza na --help na faili la ujuzi. OpenAPI yako iache ihudumie simu. MCP tutazungumza mwenyekiti wako atakapotaka kuuliza salio kwenye simu yake.

Na kabla hujamwachia wakala data halisi, kaa na makarani uandike sentensi ishirini kama wao wanavyoziandika, vifupisho na makosa ya herufi vikiwa humo, kisha umpe wakala moja moja kwenye nakala ya hifadhidata. Badilisha maelezo, rudia zote ishirini. Mimi nilianza na kumi na moja zilizofaulu, nikafika kumi na tisa bila kugusa msimbo hata mstari mmoja, maelezo tu.

Iliyobaki ni ya kumi na nne: "Ule mzigo wa jana wa mzee wa kule juu uingize." Kila karani wetu anamjua mzee wa kule juu. Wakala, akiwa na faili la ujuzi, anauliza ni nani. Akipita kwa MCP peke yake, bado anachagua mzee yeyote aliyeleta mzigo jana.